Cecilia Payne: Mwanamke aliyeijua siri ya nyota, akatakiwa kuikana

Na Mwandishi Wetu

KWA karne nyingi binadamu alizitazama nyota bila kujua zimeumbwa kwa kitu gani. Hata ilipofika mwanzoni mwa karne ya 20, wakati simu, treni na taa za umeme zilikwisha kuwa mambo ya kawaida katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, mabingwa wa elimu ya anga waliamini kwamba jua na nyota ni madonge ya chuma, silikoni na madini mengine yale yale yanayopatikana ardhini, isipokuwa tu yamepashwa moto mkali.

Imani hiyo ilivunjwa na msichana wa miaka 25 aliyekuwa bado mwanafunzi. Jina lake ni Cecilia Payne. Ndiye aliyeonyesha kwa hesabu kwamba nyota zimejaa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, ikifuatiwa na heliamu, na kwamba madini mengine yote ni kama chumvi kidogo katika sufuria kubwa ya maji.

Leo hii wataalamu wanapoeleza jinsi vizazi vya kwanza vya nyota vilivyozaliwa katika ulimwengu uliokuwa bado mchanga, zaidi ya miaka bilioni 13 iliyopita, msingi wa maelezo yao ni jibu alilolipata mwanamke huyo. Hata hivyo, jibu hilo lilipochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1925, lilitoka likiwa na maneno ya mwandishi mwenyewe yanayolikana. Namna alivyofikishwa hapo, na namna alivyoishi baada ya hapo, ni mkasa unaostahili kusimuliwa.

Yatima wa baba

Cecilia Helena Payne alizaliwa Mei 10, 1900, katika mji mdogo wa Wendover, nchini Uingereza, akiwa wa kwanza katika familia ya watoto watatu. Baba yake, Edward John Payne, alikuwa mwanasheria, mwanahistoria na mpenzi mkubwa wa muziki. Mama yake, Emma Pertz, alikuwa mchoraji aliyetoka katika ukoo wa wasomi wenye asili ya Ujerumani.

Cecilia alikuwa na umri wa miaka minne tu baba yake alipofariki dunia. Mzigo wa kuwalea watoto ukabaki mikononi mwa mama, ambaye hakuwa na mali nyingi lakini aliamini katika elimu. Cecilia alipofikisha miaka 12, familia ilihamia London ili mdogo wake wa kiume, Humfry, apate shule nzuri. Humfry baadaye alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa mambo ya kale ya Ugiriki.

Binti huyo alikuwa na kiu ya sayansi, lakini shule ya kidini aliyokuwa akisoma haikuwa na nafasi kubwa ya kumfundisha hisabati na fizikia alizozitaka. Mwaka 1918 alihamia St Paul's Girls' School, shule ya wasichana yenye maabara na walimu wa sayansi. Mwalimu wake wa muziki hapo alikuwa Gustav Holst, mtunzi mashuhuri wa Kiingereza, ambaye aliona kipaji cha binti huyo na kumshauri awe mwanamuziki. Cecilia aliupenda muziki, lakini moyo wake ulikwisha kuangukia kwenye sayansi.

Mwaka 1919 alipata ufadhili wa masomo uliomwezesha kujiunga na Newnham, chuo cha wanawake katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Bila ufadhili huo, mama yake asingeweza kumlipia.

Usiku uliobadili maisha

Cecilia alianza Cambridge kwa kusoma elimu ya mimea, kemia na fizikia. Pengine angeishia kuwa mtaalamu wa mimea kama isingekuwa mhadhara mmoja alioupata kwa bahati mwishoni mwa mwaka 1919.

Mei 29 ya mwaka huo kulitokea kupatwa kwa jua. Kivuli cha mwezi kilianzia Amerika Kusini, kikavuka bahari ya Atlantiki na kulikata bara la Afrika hadi maeneo ya Ziwa Tanganyika. Mwanasayansi wa Cambridge, Arthur Eddington, alikuwa amesafiri hadi kisiwa cha Principe, karibu na pwani ya Afrika Magharibi, ili kupima kama mwanga wa nyota hupinda unapopita karibu na jua, kama alivyodai Albert Einstein. Vipimo vilimuunga mkono Einstein, na habari hizo zikatikisa dunia.

Eddington aliporudi alitoa mhadhara chuoni hapo, na Cecilia alipata tiketi kwa sababu mwenzake mmoja alishindwa kwenda. Alitoka ukumbini akiwa mtu mwingine. Alirudi chumbani kwake akauandika mhadhara mzima kutoka kichwani, na kwa siku kadhaa usingizi ukamkimbia. Tangu hapo akaamua kwamba maisha yake yatakuwa ya fizikia na nyota.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa mwanamke wa wakati huo. Katika madarasa ya fizikia, wanawake walitakiwa kukaa mstari wa mbele peke yao. Cecilia mara nyingi alikuwa mwanamke pekee darasani. Ernest Rutherford, mwanafizikia aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel, alikuwa na kawaida ya kuanza mhadhara kwa kuwasalimu mabibi na mabwana huku akimkazia macho msichana huyo, na ukumbi mzima wa vijana wa kiume ukilipuka kwa vicheko na kukanyaga sakafu kwa miguu. Mzaha huo ulirudiwa kila mara, naye alikaa pale pale akisikiliza somo.

Alimaliza masomo yake lakini hakupewa shahada. Chuo Kikuu cha Cambridge hakikuwa kikitoa shahada kwa wanawake, hata wale waliofaulu mitihani yote, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1948. Njia pekee iliyokuwa wazi mbele yake nchini Uingereza ilikuwa kufundisha katika shule za wasichana. Kwake yeye, hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa mlango.

Mlango wafunguka Marekani

Mwokozi wake alikuwa Harlow Shapley, Mmarekani kijana aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha kuchunguzia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard. Cecilia alikutana naye London na kumweleza wazi kwamba angependa kufanya kazi chini yake. Shapley alikuwa anaanzisha mafunzo ya juu ya elimu ya anga, na alikuwa na fungu la fedha kwa ajili ya wanafunzi wanawake. Mwaka 1923 Cecilia alipanda meli kuelekea Marekani, akawa mwanafunzi wa pili katika mpango huo baada ya Adelaide Ames.

Alichokikuta Harvard ni hazina ambayo haikuwa na mfano duniani. Kwa miongo kadhaa kituo hicho kilikuwa kikipiga picha za anga kwa kutumia vioo vilivyopakwa dawa ya picha, na maelfu kwa maelfu ya vioo hivyo vilikuwa vimehifadhiwa kwenye makabati. Vingine vilitoka katika kituo kidogo kilichokuwa Peru, ambacho mwaka 1927 kilihamishiwa Bloemfontein, Afrika Kusini, ili kuendelea kupiga picha za anga la kusini.

Kazi ya kuchambua vioo hivyo ilikuwa ikifanywa na wanawake waliolipwa ujira mdogo. Maarufu miongoni mwao alikuwa Annie Jump Cannon, aliyeainisha nyota zipatazo 225,000 kwa kutazama tu jinsi mwanga wa kila moja ulivyotawanyika.

Mwanga wa nyota ukipitishwa katika kioo maalumu hutawanyika kama upinde wa mvua. Ndani ya rangi hizo huonekana mistari myeusi mingi, na kila mstari ni alama ya aina fulani ya atomi. Haidrojeni ina mistari yake, chuma kina yake, kalisi ina yake. Cannon aliipanga mistari hiyo kwa ustadi mkubwa, lakini hakuna aliyekuwa ameeleza kikamilifu ilikuwa inasema nini kuhusu nyota zenyewe. Picha zilikuwepo na mpangilio ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma.

Hesabu iliyoleta mshangao

Cecilia alikuja na ufunguo kutoka Cambridge. Mwaka 1920 mwanafizikia wa India, Meghnad Saha, alikuwa ametunga kanuni inayoeleza jinsi joto linavyozinyang'anya atomi elektroni zake. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mstari wa chuma au wa kalisi ukififia katika nyota fulani haina maana kwamba madini hayo yamepungua. Yawezekana yapo tele, lakini joto limeyabadili kiasi kwamba hayatoi tena alama ile.

Kwa takriban miaka miwili msichana huyo alipima mistari na kukokotoa, mara nyingi usiku na mchana bila kupumzika. Alibaini kwamba tofauti kubwa zilizoonekana kati ya nyota na nyota zilitokana zaidi na joto, wala si kwa sababu nyota zimeumbwa kwa vitu tofauti. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa.

Kisha akafanya hesabu ya kiasi cha kila kitu. Kwa madini kama silikoni, kalisi na chuma, mafungu yalikaribiana na yale ya duniani. Lakini alipofika kwenye haidrojeni, hesabu ilitoa jawabu la ajabu.

Katika joto la uso wa jua, ni atomi chache mno za haidrojeni zinazoweza kuchora mistari inayoonekana kwa macho. Nyingine zote hukaa kimya. Pamoja na hayo, mistari hiyo inaonekana wazi kabisa. Maana yake ni moja: ikiwa sehemu ndogo sana ya haidrojeni inatoa alama kubwa namna ile, basi haidrojeni yenyewe lazima iwe nyingi kupita kiasi. Hesabu za Cecilia zilionyesha kwamba kwa idadi ya atomi, haidrojeni katika nyota ilizidi madini ya kawaida karibu mara milioni moja. Heliamu nayo ilikuwa nyingi mno.

Kama hesabu hiyo ilikuwa sahihi, basi nyota hazikuwa dunia zilizowashwa moto. Zilikuwa mipira mikubwa ya gesi nyepesi, na dunia yenye mawe na chuma ndiyo iliyokuwa kitu cha pekee na cha nadra.

Barua kutoka Princeton

Kabla tasnifu haijakamilika, Shapley aliipeleka kwa Henry Norris Russell wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika elimu ya anga nchini Marekani. Neno lake liliweza kumpandisha au kumzamisha kijana yeyote aliyekuwa akitafuta nafasi katika fani hiyo.

Russell aliisifu kazi hiyo, lakini kuhusu haidrojeni alitamka kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwamba jua na dunia vimeumbwa kwa vitu vile vile kwa mafungu yanayolingana.

Cecilia akawa njia panda. Upande mmoja kulikuwa na hesabu zake, ambazo hakuona kosa ndani yake. Upande wa pili kulikuwa na bingwa ambaye mustakabali wake wote ulikuwa mikononi mwake. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, mwanamke katika fani ya wanaume, asiye na ajira ya kudumu wala shahada hata moja mkononi. Nyumbani Uingereza hakukuwa na kitu kinachomngojea.

Akakubali kuinama. Ndani ya tasnifu yake aliacha tarakimu zote kama zilivyo, lakini akaongeza maelezo kwamba wingi huo mkubwa wa haidrojeni na heliamu kwa hakika karibu yote haukuwa wa kweli. Kwa hiyo kila aliyeisoma tasnifu hiyo alikuta jibu sahihi limeandikwa, na pembeni yake mwandishi akimwomba asiliamini.

Mwaka huo wa 1925 alitunukiwa shahada ya uzamivu na Radcliffe, chuo cha wanawake kilichoshirikiana na Harvard, kwa kuwa Harvard yenyewe haikuwa ikiwatunuku wanawake. Alikuwa mtu wa kwanza kupata shahada hiyo katika elimu ya anga chuoni hapo.

Miaka minne baadaye, mwaka 1929, Russell alichapisha utafiti wake mwenyewe kuhusu jua, akitumia njia tofauti. Jawabu lake lilikuwa lile lile alilokuwa amelikataa. Russell aliitaja kazi ya Cecilia na kukiri kwamba matokeo yao yanalingana, lakini kwa miaka mingi iliyofuata wengi walimhesabu yeye kuwa ndiye mvumbuzi.

Cecilia hakujenga uhasama naye. Alipozeeka alisema kosa lilikuwa lake kwa kutosimama imara, na aliwausia vijana kwamba mtu mwenye uhakika na vipimo vyake asikubali kuyumbishwa na cheo cha mtu mwingine.

Mama wa vizazi vya nyota

Uzito wa ugunduzi huo ulizidi kuonekana kadiri miaka ilivyosonga. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Hans Bethe alieleza jinsi nyota zinavyowaka kwa kuunganisha haidrojeni na kuigeuza heliamu. Maelezo hayo yasingekuwa na maana kama nyota zingekuwa za chuma.

Mwaka 1944, wakati taa za Los Angeles zimefifishwa kwa sababu ya vita, Walter Baade alitumia giza hilo kuchunguza galaksi ya jirani ya Andromeda kwa darubini kubwa ya Mlima Wilson. Aligundua kwamba nyota zimegawanyika katika makundi mawili. Baadaye ilibainika kwamba kundi moja ni la nyota changa zenye madini mengi kiasi, kama jua, na la pili ni la nyota kongwe zenye madini machache mno.

Kisha mwaka 1957, Fred Hoyle pamoja na wenzake William Fowler, Margaret Burbidge na Geoffrey Burbidge walieleza kwamba madini mengi hupikwa ndani ya nyota zenyewe, na nyota zinapokufa huyatawanya angani. Kwa hiyo kila kizazi cha nyota huzaliwa kutokana na majivu ya kizazi kilichotangulia.

Hapo likazuka swali la mantiki: kizazi cha kwanza kabisa kilizaliwa na nini, wakati majivu hayakuwepo?

Jibu linalokubaliwa leo ni kwamba ulimwengu ulianza miaka ipatayo bilioni 13.8 iliyopita ukiwa na joto lisilosemeka. Katika dakika chache za mwanzo zilitengenezwa haidrojeni na heliamu, pamoja na chembe kidogo za lithiamu. Kwa uzito, karibu robo tatu ilikuwa haidrojeni na robo moja heliamu. Hayo ni mafungu yanayokaribiana mno na yale ya jua la leo, ambalo madini mengine yote ndani yake hayafiki asilimia mbili. Mafungu ambayo Russell aliyaona hayawezekani, kumbe yalikuwa urithi wa siku ya kwanza.

Miaka 380,000 hivi baadaye ulimwengu ulipoa kiasi cha atomi kuweza kukaa kwa utulivu, kisha ukaingia kipindi kirefu cha giza. Hapakuwa na nyota hata moja. Taratibu, nguvu ya uvutano iliikusanya gesi katika mabonge, na inakadiriwa kwamba nyota za kwanza ziliwaka miaka kati ya milioni 100 na 200 baada ya mwanzo.

Nyota hizo hazikufanana na za leo. Ili bonge la gesi lijikunje na kuwa nyota, lazima lipoe kwanza. Katika zama zetu, vumbi na madini ndivyo vinavyosaidia kutoa joto nje, na bonge hugawanyika vipande vidogo. Katika ulimwengu mchanga, kazi hiyo ilifanywa na molekuli za haidrojeni peke yake, tena kwa shida. Gesi ilibaki na joto kubwa zaidi, na ilihitaji kujikusanya kwa wingi kabla ya kuporomoka. Ndiyo maana wataalamu huamini kwamba nyota nyingi za kizazi cha kwanza zilikuwa majitu, zenye uzito wa makumi au hata mamia ya majua.

Jitu huwaka kwa pupa. Wakati jua letu lina akiba ya kuishi miaka bilioni 10 hivi, nyota hizo ziliishi miaka milioni chache tu. Nyingi zililipuka na kumwaga kaboni, oksijeni, chuma na vinginevyo katika gesi iliyozizunguka, na kizazi cha pili kikazaliwa kikiwa na chembe za kwanza za madini. Hatimaye, vizazi vingi baadaye, yakapatikana madini ya kutosha kuumba sayari, bahari na viumbe.

Mwaka 2014 wanasayansi nchini Australia walitangaza kuipata nyota kongwe ambayo chuma chake ni kidogo kiasi kwamba vyombo havikuweza kukigundua, na inadhaniwa kuwa ilizaliwa kutokana na mabaki ya nyota moja tu ya kizazi cha kwanza. Darubini ya anga za juu ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, nayo imeona galaksi zilizokuwa zikiwaka wakati ulimwengu haujafikisha hata miaka milioni 300. Kote huko, njia ya kutambua umri na kizazi ni ile ile aliyoitumia Cecilia Payne: kusoma mistari ya mwanga na kupima kiasi cha haidrojeni dhidi ya madini.

Kazi bila cheo

Pamoja na shahada yake, Cecilia alibaki Harvard kwa miaka mingi akiwa kama mtu asiyekuwepo. Alifundisha, alisimamia wanafunzi na kuchapisha vitabu, lakini katika hesabu za chuo alilipwa kama msaidizi wa Shapley, kwa mshahara mdogo. Rais wa chuo wa wakati huo, Abbott Lowell, hakutaka mwanamke apewe cheo cha ualimu. Masomo aliyoyafundisha hayakuorodheshwa katika kitabu cha masomo cha chuo hadi mwaka 1945. Cheo rasmi cha mtaalamu wa nyota alikipata mwaka 1938, miaka 13 baada ya tasnifu yake.

Mwaka 1931 alichukua uraia wa Marekani. Miaka miwili baadaye alifunga safari ya Ulaya, na katika mkutano wa wanasayansi mjini Göttingen, Ujerumani, alikutana na Sergei Gaposchkin, Mrusi aliyekuwa uhamishoni. Adolf Hitler alikuwa ameshika madaraka mwaka huo huo, na Sergei alikuwa hatarini: Wajerumani walimshuku kwa kuwa Mrusi, na kwao Urusi hakuweza kurudi. Cecilia aliporejea Marekani alihangaika hadi akampatia viza na kazi Harvard. Machi 1934 walifunga ndoa, na wakajaliwa watoto watatu, Edward, Katherine na Peter.

Wawili hao walifanya kazi bega kwa bega. Wakisaidiwa na wasaidizi wao, walipima nyota zinazobadilika mwangaza zaidi ya mara 1,250,000. Baadaye waligeukia Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zinazoonekana anga la kusini, na kuongeza vipimo vingine vipatavyo milioni mbili. Kwa kuwa galaksi hizo zina madini machache kuliko yetu, hadi leo hutumiwa na watafiti kama dirisha la kuchungulia namna nyota zilivyozaliwa zamani.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Helen Sawyer Hogg, aliyekuja kuwa bingwa wa makundi ya nyota nchini Kanada, na Frank Drake, aliyeongoza juhudi za kusaka viumbe katika sayari nyingine.

Heshima yachelewa, lakini yafika

Mwaka 1956 mambo yalibadilika. Chini ya mkurugenzi mpya, Donald Menzel, mshahara wake ulipandishwa, na mwaka huo Cecilia akawa mwanamke wa kwanza kupanda ngazi kutoka ndani ya kitivo cha sanaa na sayansi cha Harvard hadi kuwa profesa kamili. Muda mfupi baadaye akateuliwa kuongoza idara ya elimu ya anga, na hivyo kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza idara chuoni hapo. Alikuwa ametumikia miaka 33.

Mwaka 1962 Otto Struve, mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani hiyo, pamoja na mwandishi mwenzake Velta Zebergs, waliitaja tasnifu yake ya 1925 kuwa ndiyo yenye kung'aa kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika elimu ya anga. Alistaafu mwaka 1966, ingawa aliendelea kuandika na kufanya utafiti.

Mwaka 1976 Chama cha Wanaastronomia cha Marekani kilimpa heshima yake ya juu kabisa, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Tuzo hiyo ina jina la mtu: Henry Norris Russell. Bibi kizee wa miaka 76 alipanda jukwaani kupokea heshima yenye jina la yule yule aliyemtaka aikane kazi yake nusu karne iliyotangulia. Hakutumia nafasi hiyo kulipiza kisasi. Alizungumzia furaha ya kijana anayekuwa wa kwanza duniani kuona au kuelewa jambo, akisema hakuna malipo yanayoipita.

Cecilia Payne-Gaposchkin alifariki dunia Desemba 7, 1979, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 79. Ameacha vitabu, wanafunzi na vipimo ambavyo bado vinatumika. Zaidi ya yote ameacha jibu la swali ambalo kila mtoto hujiuliza anapotazama mbingu usiku. Maneno yale ya kujikana bado yamo ndani ya tasnifu yake, na tarakimu alizokataa kuzifuta bado ziko pembeni yake, zikisubiri kusomwa.